Mama Hapingwi Kwenye Chama cha Kuzikana

Bi Nabiswa, pokea salamu kutoka mtaa wa Mbotela, mimi ni mzima ila kichwa hakitulii, nasomea siasa chuo kikuu na mwalimu ametutaka tuchague njia ya kuchunguza siasa za nchi zinazoendelea, kuna wanaosema tutapita tu walikopita Wazungu, kuna wanaosema Wazungu hao hao ndio waliotufunga kamba, nami nikaona heri niulize watu wa mtaa wetu, nikabeba faili nikapiga hodi nyumba arobaini, na wote, hata Mama Ndete anayeitukana serikali kila asubuhi mferejini, wakanijibu mambo ni mazuri. Basi nikageukia chama chetu cha kuzikana, ambako mama ni mwenyekiti mwaka wa kumi na moja na mimi ndiye mwandishi, na kura hupigwa kwa kupanga mlolongo nyuma ya mgombea, na Jumapili mzee mmoja, nimwite Kyule, akasimama kugombea, akapata mtu mmoja tu, mkewe, mama akamtazama yule mke, naye akahamia mlolongo wetu polepole, nami nikaandika kama kawaida, amechaguliwa bila kupingwa. Huyu ndiye mama aliyesema hadharani mwaka wa tisini na mbili kwamba mlolongo wa serikali wa uchaguzi wa themanini na nane ulikuwa wizi! Natamani sana kujua inakuwaje, ila nikiandika nitamvua nguo mama aliyenisomesha kwa kuuza viazi. Niache?

Kavinya (si jina langu)

Kavinya mwanangu, unabisha hodi na faili kwapani kama karani wa chifu, ulitaka wakwambie nini? Mama Ndete alikujibu vizuri, alikwambia anaogopa, ila hukumsikia. Karatasi hizo usizitupe, woga nao ni siasa.

Hizo njia mbili zisome, lakini waliozitunga hawajasimama kwenye mlolongo wenu. Mke wa Kyule hakuhama kwa mapenzi. Ukimpinga mwenyekiti wa chama cha kuzikana, unabaki ukijiuliza nani atakuja matangani kwako. Anzia hapo.

Pole kwa mzigo wa mama, najua unampenda. Basi usimchunguze kwa kificho. Mkalishe, mwambie unachoandika, mwulize kwa nini mlolongo wa serikali ulikuwa wizi na wake si wizi. Atanuna, kisha atasema. Majina yabadilishe kama ulivyofanya hapa. Akikataa katakata, tafuta chama kingine, maana mama ni mmoja.

Lakini kuna mtu umemruka. Ulimwona Kyule amesimama kwa macho yako, ukaandika hakupingwa, na hujasema kuna aliyekuamuru. Mhoji huyo mwandishi kabla ya mama yako, na jibu lake liwe ukurasa wa kwanza.