Bomba la Buna Bado Zima

Baba Hodan,

Nakuandikia kutoka Buna, nyuma ya nyumba ya injini ya kisima uliyoitunza, kwenye kiti chako. Gazeti limenituma kuandika habari ya kiangazi. Ungekuwepo, ungeniuliza kwanza kama nimekula.

Unakumbuka siku lori lilipoleta dizeli ya mbegu za mbono kwa mara ya kwanza? Ngamia walijaa hadi barabarani, nawe ukakataa kuyapitisha mafuta kwenye injini. Ulisema yananyonya unyevu kuliko dizeli ya kawaida: lazima yatulie, maji yashuke chini ya tangi, yatolewe kwa koki. La sivyo kutu italila bomba la mafuta kutoka ndani, na likitoboka, injini itazima na kisima kitakuwa shimo tu.

Hooyo Habiba, yule mama mzee mwenye ngamia wengi, alikupigia kelele. "Wewe! Ngamia wangu hawanywi mafuta. Washa!"

"Hooyo, chombo kikiwa na maji ndani, unakikamulia maziwa?"

"Nina wazimu? Nakikausha, nakifukiza moshi."

"Nami nalikausha bomba."

"Basi lifukize ubani kabisa, ulioe!"

Watu walicheka, wakangoja. Tangu siku hiyo Hooyo akaniita mke wa pili. Wa kwanza alikuwa bomba. Nawe ulikinga maji ya koki kwenye chupa, ukaiinua juani: maji chini, mafuta juu, mstari katikati. "Mwandishi, njoo uone."

Ulipofariki, niliogopa kwamba bomba lingekufuata. Leo asubuhi fundi mpya alifungua kiungo kubadilisha mpira uliochakaa. Nikaingiza kidole ndani. Kilitoka na mafuta, bila kutu.

Fundi akacheka, akamwonyesha Hooyo Habiba. "Ni huyu mama. Lori likija, anasimama kwenye koki. Hakuna kuwasha mpaka aone chupa."

Hooyo Habiba akanishika mkono. "Mke mwenzako ni mzima," akasema. "Wewe je?"

Nimewauliza watu maswali miaka mingi. Hilo nililiandika daftarini.

Baadaye fundi aliinua chupa juani. Mstari ulionekana vizuri. Nilisimama pale pale, nikingoja kuitwa. Hakuna aliyeniita. Nikaenda kuangalia mwenyewe.

Ngamia wanakunywa sasa. Kesho narudi Garissa, kwenye nyumba yetu na kimya chake. Allah akurehemu.

Mkeo wa pili,
Mama Hodan