Padri Aliponiuliza Jina

Sharifa, unakumbuka wakati wa Zaire, walipotukataza majina ya ubatizo?

Leo yamenirudia mbele ya watu wote.

Tulikuwa tunabatiza mutoto wa mujukuu wangu Adèle. Padri akauliza, mutoto anaitwa nani? Adèle akajibu kwa sauti: "Félicien." Mimi nikaruka nikamuziba kinywa kwa mukono! Ndani ya kanisa, Sharifa! Shanga zake zikakatika, zikatawanyika mpaka kwenye altari.

Nikasema, "Nyamaza, watakusikia!"

Watu wakacheka. Adèle akaniuliza, "Koko, nani atatusikia?"

Nikatazama mulango. Hakukuwa mutu. Lakini mimi nilimuona yule mutu wa Chama cha serikali ya wakati ule, na kofia yake, vile alikuwa anasimama zamani kwenye avenue yetu, akisikiliza tunaitana namna gani.

Na haikuwa woga tu. Nilisikia haya, kama Adèle ametukana. Jina la mutakatifu, Sharifa, na mimi nasikia haya! Miaka ile tulifundisha watoto kuyanyamazia majina hayo, mpaka ikawa kwetu njo adabu. Chama kilikwisha, lakini adabu yake imebaki ndani yangu.

Padri hakucheka. Aliinama, akaniuliza polepole, "Na wewe koko, walikubatiza jina gani?"

Hata wewe, tangu tujuane unaniita Mama Kalume tu. Nilishika benchi kwa mikono miwili.

Nikasema kwa nguvu: "Adolphine. Mimi njo Adolphine."