Godoro la Bibi Swaumu

Mkuza, Kibaha
17 Novemba 2024

Mpendwa Shangazi Firdausi,

Shikamoo shangazi yangu, somo yangu. Mguu unaendeleaje? Baba ameniambia umeshaanza kuukanyagia, na juzi ulifika kisimani bila mkongojo. Nilifurahi hadi nikamwambia Pazi aache kula anisikilize. Na wadogo zangu wote hawajambo? Mvua za huko Tunduru zimeanza, au bado mnatazama mawingu? Sisi huku ni wazima, ila joto.

Barua hii anaileta Omary, dereva wa lori, rafiki yake Pazi. Kwa simu nisingeweza kusema yote. Mtandao wa kwenu unakatika, na mimi nikifika katikati ya habari hii nalia.

Kwanza nikupe ya furaha. Shangazi, nimeolewa! Hina imebaki kwenye kucha tu, lakini mimi bado najiona bibi harusi. Mchana nampelekea Pazi chakula dukani kwake pale Kwa Mathias. Akiniona ng'ambo ya barabara anawaacha wateja na misumari yao, anakuja kunishika mkono. Wenzake wanamzomea. Jirani yake wa duka la rangi alimwambia, "Pazi, huyu barabara hii kaivuka tangu anasoma. Leo ndiyo imemshinda?" Hajali. Chai tunakunywa kikombe kimoja, ingawa nilipewa vikombe dazeni mbili. Yale uliyonifunda yamenifaa yote, hata lile nililokucheka.

Sasa nikueleze linalonikosesha raha.

Bibi yake Pazi, Bibi Swaumu wa Kisarawe, ana miaka themanini na miwili. Baada ya ndoa tulikwenda kwake kula na kucheza ngoma. Jirani yake wa miaka mingi ni Mzee Shija, Msukuma wa ng'ombe, na unajua utani wa Wasukuma na Wazaramo haumwachi mtu. Tukiwa tunakula, Shija na wenzake waliingia chumbani kwa Bibi, wakatoka na godoro lake la sufi kichwani. Shija akatangaza kwamba bibi harusi amemletea Bibi godoro la dukani, kwa hiyo hili la kunguni wa Kizaramo linakwenda motoni.

Bibi alisimama. "Shija, lirudishe. Lina vitu vyangu."

"Vitu gani, meno?"

Watu walicheka mpaka wakamwaga pilau. Bibi akazidi kuomba, akashika pembe ya godoro, machozi yakamtoka. Tukaona anajua kucheza, maana katika utani aliyeporwa ndivyo anavyotakiwa afanye, alie na aombe mpaka akombolewe. Shomari, kaka yake Pazi, alikwishaleta kreti ya soda ya kulikombolea. Ni mimi, shangazi. Ni mimi niliyelewa furaha nikasema lichomwe tu, jipya tumeshaleta. Kiberiti nilikitoa mimi jikoni. Sufi haichelewi kuungua. Bibi aliiachia ile pembe, akaketi kwenye mkeka, kwani mtani hagombwi.

Wiki tatu baadaye alikuja bwana mmoja kukusanya majina ya watu wa kijiji kile waliopigania uhuru. Wanajenga mnara mdogo, utafunguliwa tarehe tisa Desemba. Ndipo Bibi alipofungua kinywa.

Mwaka hamsini na saba alikuwa mwali, ametiwa ndani. Waingereza walikuwa wamewakataza wafanyakazi wa serikali kujiunga na TANU. Tarishi au mwalimu akikutwa na kadi, kazi hana. Wengine walijiunga hivyo hivyo, kwa siri. Mjomba wake Bibi, Mwishehe, ndiye aliyewaandikisha, na kadi zao akamshonea mwali ndani ya godoro. Askari walipekua nyumba mara mbili, lakini chumba cha mwali hawakuingia. Alitakiwa atolewe baada ya mavuno. Alikaa ndani miaka miwili, kwa sababu ya kadi. Mchumba wake akachoka kungoja, akaoa kwingine. Yeye mwenyewe kadi hakuwahi kupata. Angeandikwaje, na haruhusiwi kuonekana?

Mjomba alimwapisha asimpe mtu kadi ila mwenyewe aje aichukue. Uhuru ulipopatikana wengi walikuja, kila mmoja akaitafuta yake mwenyewe. Kumi na saba hawakuja. Wapo waliofungwa wasirudi, wapo waliohamishwa, wapo waliokufa. Mjomba naye akafa. Bibi akakaa na kiapo chake, hata mumewe hakumwambia. Kila godoro lilipochakaa alishona jingine, akazihamisha kwa mikono yake mwenyewe.

Yule bwana alimsikiliza kwa adabu. Kisha akasema bila kadi wala shahidi aliye hai hawezi kuandika lolote, si hao kumi na saba wala Bibi. Pazi amemfuata mara mbili. Orodha imefungwa, jiwe limeshapelekwa kwa fundi.

Mzee Shija alipopata habari alikuja na mbuzi, amevua kofia. Bibi akamwambia, "Rudi na mbuzi wako, mtani wangu. Nikufungulie kesi, nitaipeleka wapi?" Mzee yule akalia mlangoni. Mimi Bibi hajanilaumu hata kidogo, na hilo ndilo linaloniumiza. Godoro langu la dukani limesimamishwa ukutani na nailoni yake. Analala kwenye mkeka.

Nilinunua daftari nikamwambia anitajie majina niyaandike, angalau yabaki kwetu. Nikapiga namba moja hadi kumi na saba. Alitaja wanne tu, wale aliowahi kumsikia mjomba akiwataja. Shangazi, Bibi hajui kusoma. Kadi zile alizijua kwa kuzihesabu na kuzipapasa, hakuwahi kujua ipi ni ya nani, na hakuna aliyepaswa kumsomea. Mimi niliyefika kidato cha nne ningezisoma zote kabla chai haijachemka.

Kila Jumapili tukienda, ananiomba nimsomee daftari. Namsomea wale wanne. Nikimaliza bado ananitazama, anangoja.

Wasalimie wote hapo nyumbani, hasa bibi mzaa baba, umwambie kanga zake nazivaa. Pazi anakuamkia. Usiniambie nisijali, nakuomba, niombee tu. Mungu akupe miguu ya kukufikisha kwetu Bibi angali hai.

Ni mimi mwanao, nikupendaye siku zote,

Zawadi