Mutani, Nyumbani Kwako Sasa Wanatembea kwa Kunong'ona

Mutani wangu, mutumwa wa babu zangu,

Katika Kalemie hii hakuna mutu mwenye bahati kunipita mimi. Siku waliyokuzika, wenzangu walilia mpaka macho yakavimba kama ya chura. Mimi nilikuwa Kigoma, nauza samaki wadogo wa ndagala, nakula wali kwa kuku, nacheka na wenye maduka. Habari zako zilinikuta umeshafunikwa udongo. Sikuona sanduku, sikuona shimo, kwa hiyo kwangu bado uko muzima. Nani mwingine ana bahati hiyo? Hata Kinshasa hakuna.

Lakini jana nilishituka, mutani. Vumilia hati yangu. Unajua masomo niliyaacha darasa la nne, masomo yenyewe yakashukuru.

Unajua nyumba yako imekuwa nini? Mize! Nyumba ya kumbukumbu ya mwandishi. Wamepaka chokaa, wamezungusha kamba kwenye kitanda chako, na miwani yako iko ndani ya kioo kama mufupa wa mutakatifu. Waandishi wanakuja kuzungumza juu ya vitabu, na wasikilizaji wanavua kofia mulangoni. Wananong'ona! Katika nyumba ile ambamo ulikuwa ukiniona kwa mbali unapiga kelele dirishani: "Mama, ficha sufuria, mwizi wa samaki njo huyo anakuja!"

Jana mugeni alitoka Lubumbashi, amevaa koti nyeusi ya abakosti, sauti ya padri. Akasema, "Sitwayeni, wananchi wenzangu, huyu aliandika mawimbi vile kwa sababu hakuyaogopa."

Weye? Nilikumbuka ile safari yetu ya Moba. Tulikuwa hatujapoteza Kalemie machoni, wewe umeshakamata mukaba wangu kwa mikono miwili, unaomba Mungu kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, asije akakosa kusikia. Nikakuambia, "Mwandishi, ziwa njo hili, andika basi." Ukajibu macho umefumba: "Nyamaza, mutumwa weye, usinitikisie mutumbwi."

Basi nikasimama katikati ya watu. "Alikuwa mwoga kama kuku wa mvua! Alikoroma mpaka mbuzi wa jirani wakahama! Na pua ile, mutu angeweza kuanikia samaki juu yake!"

Nikangoja kicheko. Mulinzi akanishika mukono: "Papa, heshimu marehemu."

Mimi! Ukoo wako na ukoo wangu ni watani tangu mababu. Kukutukana ndiyo heshima yangu. Hata siku ya kifo, mutani anatangulia kushuka kaburini, analala mule, anatukana maiti na wafiwa, mpaka apewe kuku ndiyo atoke na mwenye kaburi aingie. Bila hiyo, mutu amezikwa nusu.

Ndipo Mauwa, mutoto wako wa kwanza, anayetunza nyumba, akainuka. "Mwacheni. Ni mutani wa baba." Akanigeukia. "Papa mutani, tulikungoja. Shimo lilikaa wazi mpaka jua likashuka. Hakuna aliyelala mule, hakuna aliyemutukana. Tulimuzika baba kama mutu asiye na watu. Na mama, tangu siku ile, hajacheka."

Mutani! Kumbe walikungojesha kwa ajili yangu.

Mauwa akafungua kamba ya kitanda. "Fanya leo," akasema. Yule mugeni mwenyewe akasogeza kiti chake, akaniambia, "Tafadhali, Papa." Nikapanda kitandani kwako. Mke wako alikaa mulangoni, anatazama mudomo wangu.

Godoro lile bado lina bonde la mugongo wako. Nililala ndani yake, nikafungua kinywa. Hakuna kitu. Mimi, ambaye niliuzia Wakigoma samaki wa juzi wakanishukuru, maneno yaliniisha. Nikalia kwa sauti, kama mutoto aliyepotea sokoni.

Halafu nikasikia sauti. Mke wako, mutani! Alikuwa ameshika tumbo: "Tazameni! Mutani analia! Mutani gani huyu? Mupeni kuku haraka, atatuharibia godoro!" Akacheka mpaka kitambaa kikamwanguka kichwani. Mauwa akacheka, mulinzi akacheka, na yule wa abakosti akajipangusa macho. Nyumba yote ikapiga kelele kama zamani.

Lala sasa, pua kubwa. Umezikwa muzima muzima.

Wakati wa kutoka mke wako alinishika mukono akasema, "Si kosa lako, Kigoma ni mbali." Nikaitika. Lakini wewe sitakudanganya. Kigoma sikwenda. Nilikuwa hapa hapa, nyuma ya ukuta wa makaburi. Nililiona shimo, miguu ikakataa.

Mimi,
Mutani wako