Tai wa Biskuti

Jumatano

Heshima iliyoje! Mdachi wa boma aliamuru kila biskuti yangu ipigwe chapa ya tai wa Kaisari kabla ya kuuzwa stesheni. Isiyo na tai, viboko hamsa ishirini.

Nilichonga kibao cha chapa mwenyewe, tai akatoka kuku aliyenyeshewa. Mdachi akamkagua, akasema, "Mzuri sana." Macho anayo, maskini.

Leo zimekwisha kabla treni haijafika. Dada Zuhura, anayeniuzia, kacheka mpaka machozi: "Wote wanaanza kwa kumng'ata tai kichwa!"

Mdachi naye kafurahi. Eti watu wameanza kumpenda Kaisari, kwa hiyo nioke maradufu.

Nitaoka. Ila siku akiwaona wanavyokula, hamsa ishirini ni zangu.