Kisanduku Nilichokificha

Moshi, Jumapili baada ya misa

Mdogo wangu Bosko,

Kwa miaka sita nimekuficha jambo linalohusu kompyuta ya chama chetu cha kahawa na kazi yako ya ghala. Nimelitanguliza kabla ya salamu ili nisije nikalikwepa huko chini. Unanijua: nikiona somo ni gumu, huanza na jingine.

Sasa nikusalimu. Hujambo? Shemeji Leokadia anaendeleaje na lile goti? Na huko ufukweni mvua zimeanza, au bado mnaziona zikiishia juu kwetu Umatengoni? Usipa wenu wa ziwani umefika salama. Hyasinta aliukaanga na nyanya, na ingawa siku hizi tumbo langu hukataa kila kitu, huo lilikubali.

Mimi siko vizuri. Moyo umechoka na miguu imevimba. Kutoka kitandani hadi dirishani napumzika mara mbili, kama mtu anayepanda kilima cha Litembo na gunia kichwani. Daktari ameongea nami waziwazi, nami nilimshukuru. Hyasinta alitaka nimtajie maneno yeye aandike; nimekataa. Naandika mistari michache kila siku, kwa hiyo usishangae mwandiko ukibadilika.

Kilichonisukuma ni huyu huyu binti yangu. Wiki iliyopita alikaa pembeni ya kitanda akipanga skrini ya kompyuta ya duka lake la dawa. Programu yake ni ndugu ya ile yetu: ukurasa wa mbele una visanduku, kimoja cha mauzo, kingine cha dawa zilizopo, nawe unavivuta, unavikuza, unavificha upendavyo. Nikamsikia anasema, "Hiki chekundu kinanichosha macho, ngoja nikitoe."

"Usikitoe!"

"He! Baba, umenishtua. Ni dawa ya kikohozi tu, inakaribia kuisha muda wake."

"Hata kama ni ya kikohozi."

"Wewe na kompyuta! Mama alikuwa anasema ile ya chama ulikuwa unailaza kwenye blanketi kama mtoto mchanga."

Akacheka, nami nikageukia ukutani.

Ni kweli niliipenda ile mashine, Bosko. Nilikuwa nimestaafu ualimu, naona watu wameanza kunisalimu na kupita, mara chama kikanifanya katibu na fundi akaja kutufundisha. Alisema ule ukurasa wa mbele unaitwa dashibodi, na mwenye ruhusa ya kuupanga kwa ajili ya wote awe mtu mmoja. Nikawa mimi. Nilipanga visanduku kama nilivyokuwa nikipanga ubao: ramani ya vijiji, mchoro wa mavuno, picha ya chanja zimejaa kahawa. Na kile chako, unyevu wa kahawa ghalani. Kila asubuhi ulipima, ukatuma namba kwa simu, na namba ikizidi kiasi kisanduku kiligeuka chekundu, ili ofisi ipeleke watu wa kutoa magunia na kuianika upya. Wewe hukuwa na ruhusa ya kufungua hata gunia moja. Tena niliwaambia wote, nawe ukiwemo: "Msinipigie simu, huo ni ushamba. Tumeni, mimi nitaona."

Kisha tukaambiwa wanunuzi kutoka ng'ambo wanakuja. Siku mbili kabla, kisanduku chako kikawa chekundu. Nikafikiri ni ukungu wa asubuhi umekidanganya kipimo. Nikatazama dashibodi yangu nzuri, na lile doa katikati, kama mwanafunzi aliyekuja kwenye mahafali na shati chafu. Nikakivuta nikakificha. Programu ikaniuliza kama nakificha kwa watumiaji wote. Nikabonyeza ndiyo. Wageni wakaja, wakasifu, wakapiga picha, wakaondoka. Sikukirudisha. Kwanza nilisahau, halafu nikauzoea ukurasa bila hicho kisanduku.

Magunia yalipoanza kuondolewa kwa kusafirishwa, wewe ndiwe uliyetangulia kufika nyuma na ndiwe uliyetoka ukiwa umeshika pua. Paa lilikuwa linavuja upande wa nyuma. Kahawa ya kijiji kizima ilikuwa na uvundo.

Sengu letu, kile kikao cha ukoo, unalikumbuka kuliko mimi. Wazee waliketi, chakula kikawekwa katikati, na hakuna aliyenawa kabla neno halijaisha. Baba mdogo Aidani alianza kwa mzaha wake: "Bosko, ulikuwa unapima kahawa au ulikuwa unapima pombe?" Watu wakacheka, wewe hukucheka. Ukasema, "Baba, nilipima kila siku. Nilituma kila siku." Ndipo akanigeukia: "Mwalimu, tufungulie hiyo luninga yako tuone." Nikaifungua. Wakainama wote, hata wasiojua kusoma. Nikasema, "Hapa haionyeshi kitu."

Wewe ukanitazama. Nilingoja useme, "Kaka, tafuta vizuri." Lakini kwetu mdogo hambishii kaka yake mbele ya sengu, nami nililijua hilo nilipokuwa nafungua mdomo. Ukasema taratibu, "Basi labda ni mtandao." Ukauweka ufunguo wa ghala juu ya mkeka. Ndipo watu wakanawa, wakala.

Kabla kahawa haijachanua tena, wewe na shemeji mlikuwa mmeshateremka kwao ufukweni. Watoto wako wamekulia huko wakiitwa watoto wa yule aliyeozesha kahawa. Mwaka juzi, uliponitembelea hapa kwa Hyasinta, ulisema hadi leo huiamini simu; ukituma ujumbe, unampigia mtu kumuuliza kama umefika. Ulisema kwa kucheka. Nilikuongezea chai.

Padri amekuja kunipaka mafuta, nikaungama. Akaniondolea dhambi. "Mzee," akasema, "Mungu alikuwa analijua hili kabla hujaniambia. Mdogo wako je?"

Salamu nazitoa hapa, maana baada ya yanayofuata sitakuwa na uso wa kumsalimu mtu. Msalimie shemeji, mwambie mkono wake wa kupika bado haujapata mpinzani huku. Msalimie dada yetu Otilia pale Litembo, aache kufunga kwa ajili yangu, ana kisukari. Baba mdogo Aidani msomee barua hii yote kwa sauti, na wale wazee wengine waliobaki, mbele ya chakula, kabla ya kunawa. Watoto wako nawaombea. Ukitaka kuja kunizika, njoo. Usipotaka, Hyasinta ameshaambiwa asikuulize.

Bosko, haikuwa mtandao. Asubuhi ile ya sengu, kabla hamjakusanyika, nilikirudisha kile kisanduku kwenye skrini. Namba zako zilikuwemo zote, kila moja na jina lako na saa uliyotuma, hata ya Jumapili ya ubatizo wa mwanao. Nilizisoma moja baada ya nyingine hadi mwisho. Halafu nikakificha tena, nikabeba kompyuta, nikaja kuketi nanyi.

Kaka yako,
Titus