Mkono begani kwa baba

Siku baba alipokamatwa kwa kukataa kupita mlango wa watu weusi pale posta, tulikuwa darasa la tatu, mimi na wewe. Mama alikamatwa naye. Mama akarudi, baba hakurudi.

Leo nimempeleka mama makumbusho kuona picha ya baba. Shoga, mama wamemkata pichani. Umebaki mkono wake tu, begani kwa baba.

Mkono tu.

Akamuuliza dada anayeongoza wageni, "Mwanangu, huu mkono wa nani?"

"Wa mwenzake tu, bibi. Hajulikani."

Hajulikani! Mama akaweka kiganja kwenye kioo, pete ile ile ya pichani kidoleni.

"Bibi, usiguse, tafadhali."

Nami nilinyamaza kama kawaida yangu. Ndicho kinachoniuma.

Picha nzima, mama akiwemo, nimeshaitoa ukutani nyumbani. Kesho wakifungua makumbusho, watatukuta nayo mlangoni, mimi na mama.